Kibuyu cha Kabatini

Chepkirui alipozikwa, watu waligawana vitu vyake bila ugomvi. Dada zake walichukua sufuria kubwa na lile blanketi zito, mawifi wakachukua vitenge, na Winrose, binti yake wa pekee, akachukua saa ya mkononi ambayo haikuwa ikitembea. Mumewe, Kimeli Kosgei, alichukua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya Kikalenjin yanayolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa makaa. Alikizungushia sweta, akakiweka ndani ya kabati la nguo katikati ya suti za ofisi za marehemu, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia ndani ya soksi aliyovaa.

Kibuyu kilikuwa kimejaa. Chepkirui alikuja nacho nyumbani Ijumaa jioni, Jumamosi presha ikampanda, na kabla ya wiki kwisha watu walikuwa wanatafuta hema la kukodi. Katika shughuli zile zote hakuna aliyekumbuka maziwa ila Kimeli. Naye alikuwa ameapa kwamba hakuna kinywa kitakachogusa mursik ile, hata chake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya mwisho ya mkono wa mkewe, na maziwa ya kibuyu, bahati nzuri, kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyokolea.

Basi kila asubuhi alikuwa akifungua kabati, anakisalimu kibuyu, anakieleza mvua imenyesha au haikunyesha, kisha anafunga. Kabati likaanza kunuka moshi na maziwa. Siku aliyovaa koti lililokuwa humo akaenda nalo kanisani, mama mmoja wa kwaya aligeuka mara kadhaa akitafuta ng'ombe.

Tusimcheke sana. Mwanamume huyu alikuwa amefanya kazi kwenye visima vya mvuke kule Olkaria tangu ujanani, anaondoka Nakuru Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa usiku, na kwa miaka yote hiyo alichojivunia mbele ya wenzake hakikuwa gari wala shamba. Kilikuwa mursik ya mkewe. Alikuwa akienda nayo kwa chupa, anamwonjesha kila mtu kijiko kimoja, kisha anangoja asifiwe. Asiyesifu hakuonjeshwa tena. Mursik yenyewe ilikuwa ya rangi ya majivu mepesi, na ukali wake ulipanda puani polepole. Wajaluo walioapa kwamba maziwa ya makaa hawatakunywa walirudi wenyewe na vikombe.

Sifa hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ya mama yake Kimeli. Huyu bibi wa Kuresoi, ambaye wajukuu walimwita Kogo na ukoo mzima ukafuata, alimwangalia bibi harusi mara moja tu, akaona kucha zilizopakwa rangi na viatu vya kisigino, akasema mikono ya kupiga taipu haijui kibuyu. Alisema hivyo mbele ya watu. Miaka miwili baadaye Kogo huyo huyo alionja mursik ya mkaza mwana wake, akalamba mdomo, na tangu siku hiyo akawa anaisifu kila penye harusi na kila penye matanga. Kimeli alivimba kichwa mpaka kofia zikamkataa.

Na Chepkirui hakuwa mtu wa kukaa nyumbani akichunga maziwa. Alikuwa katibu katika ofisi moja ya bima mjini, ya ghorofani, na aliishika ofisi ile kama mama anavyoshika nyumba. Mteja aliyekuja akifoka alionyeshwa kiti cha dirishani, akaambiwa atazame barabara kwanza. Meneja, aliyeajiriwa akamkuta pale, yeye Chepkirui alimwita "kijana". Saa kumi jioni kila siku ya shule alipiga simu nyumbani, na Winrose akamsomea kazi yake ya darasa kutoka mwanzo hadi mwisho, wateja wakingoja kimya. Wengine walijifunza hesabu za mafungu papo hapo. Binti alifika chuo kikuu kwa njia hiyo ya simu.

Sasa, Jumamosi moja, watu wa ofisi hiyo walikuja nyumbani Kiamunyi kuwaona wafiwa. Walikuwa wamefika mazishini, lakini siku ya mazishi mtu huwaona watu asiwaone. Walikuja na unga, sukari, na katoni ya vitu vya marehemu vilivyokuwa mezani pake. Alikuwapo meneja, Bwana Sitati, mwanamume mnene mwenye sauti ya mhubiri, na Achola, keshia, aliyekuwa rafiki wa Chepkirui tangu enzi za taipureta. Kogo pia alikuwa ameteremka kutoka Kuresoi, na gunia la viazi, na fimbo.

Winrose akaleta chai. Kogo akakitazama kikombe kama aliyeletewa maji ya kunawa.

Aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, tangu lini wageni wakaja kwa Chepkirui wakanyweshwa majani. Akasema anajua kuna kibuyu, kwa sababu pua yake haijazeeka. Kimeli akajibu kwamba mursik iliisha. Bibi akamtazama mwanawe, ambaye koti lake lilikuwa likinuka moshi waziwazi, na kwa heshima ya wageni akanyamaza. Lakini fimbo aliigonga sakafuni mara moja, na Kimeli, pamoja na umri wake wote na mvi zake, akakaa vizuri.

Bwana Sitati akasimama kusema machache. "Mama Winrose alikuwa nguzo ya ofisi yetu," alisema. "Si kazi tu. Hata matumbo yetu, wengine wetu ni yeye alikuwa anatuangalia." Watu wakacheka. Akaongeza kwamba kila Jumatatu mama huyo alifika na doa jeusi kwenye kifundo cha mkono, wao wakidhani ni wino wa printa, na kila Jumatatu walimtania, naye hakusema ni nini. Kimeli alitabasamu. Alijua ni masizi. Kila Jumapili baada ya kanisa alimwona mkewe uani, leso kiunoni, akipaka kibuyu moshi.

Ndipo Winrose akafungua katoni. Yakatoka malapa ya kuvaa chini ya meza. Kikatoka kikombe kilichomeguka mdomo. Ikatoka sweta ya kijivu iliyoviringishwa, na sweta ilipofunguliwa, kikatoka kibuyu.

Kilikuwa na shanga za buluu na nyeupe shingoni. Kilikuwa na kifuniko cha ngozi. Kilikuwa, Kimeli angeapa kwa Biblia, kile kile alichokifungia kabatini. Mkono wake ukaenda kwenye soksi. Ufunguo ulikuwapo. Akainuka, akaingia chumbani, na wageni wakasikia kabati likifunguliwa kwa kishindo na viango vikianguka.

Kibuyu chake kilikuwa palepale, kimejaa, kimetulia kati ya suti.

Basi vilikuwa viwili. Kimeli akakaa kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akawaza kama wanavyowaza waume. Mke hufanya mursik kwa ajili ya nyumba yake. Kibuyu kimoja kilikuwa cha mumewe. Cha pili kilikuwa cha nani? Na kwa nini kilifichwa ofisini, ndani ya sweta? Akakumbuka maneno ya Sitati kuhusu matumbo. Akakumbuka tumbo lenyewe, jinsi lilivyositawi, na kwamba tumbo la namna ile halijengwi kwa chai ya majani. Wivu ukampanda, wivu mpya kabisa, kwa mke aliye kaburini, na aliona aibu lakini hakuweza kuuzuia.

Akatoka, akamwita Achola jikoni na kufunga mlango.

"Shemeji, niambie ukweli, sitakasirika," alisema, akiwa tayari amekasirika. "Hicho kibuyu kingine, nani alikuwa anakunywa? Ni huyo Sitati?"

Achola alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika sinki, akacheka akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, na mwisho machozi yalipomtoka, Kimeli hakujua tena kama bado alikuwa anacheka. Sitati, alisema Achola, maziwa yakimgusa tu huwa anapelekwa hospitali. Alichokuwa analetewa ni viazi vitamu.

"Shemeji, sikia, na usianguke," alisema. "Chepkirui hajawahi kutengeneza hiyo maziwa tangu nimjue. Alikuwa ananunua."

Akamweleza yote. Nyuma ya soko kulikuwa na mama anaitwa Wangui, mwenye kiduka cha maziwa. Kila Ijumaa saa ya chakula Chepkirui alishuka na kibuyu kitupu ndani ya mkoba mkubwa, akakiacha kwa Wangui kijazwe na kulala wiki nzima, akachukua kile kilichoiva. Vibuyu viwili vikibadilishana zamu, miaka yote, na havikuwahi kukutana nyumbani. Ijumaa ile ya mwisho maziwa mabichi yalikwama njiani kutoka Molo kwa ajili ya mvua, Wangui akamwambia alete kitupu Jumatatu. Chepkirui akakitia chini ya meza, akapeleka nyumbani kilichojaa. Jumatatu yenyewe haikumkuta ofisini.

Kimeli alitazama jiko. Katika jiko lile hakuwahi kumwona mkewe akichemsha maziwa ya mursik, na hakuwahi kujiuliza. Alikuwa anarudi Ijumaa usiku, anakuta kibuyu kimejaa, anakunywa, anasifu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye macho yake yalikuwa Olkaria. Hakuudhika kwamba mkewe alidanganya. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na kilimuuma sana: kwa majuma yote haya alikuwa ameamka kila asubuhi kusalimu maziwa ya Wangui. Kama kibuyu hakikuwa kazi ya mkono wa Chepkirui, basi hakuwa amebaki na kitu. Alikuwa na suti zinazonuka tu.

Fimbo ikagonga sebuleni. Kogo alikuwa anauliza kama kibuyu cha kwenye katoni nacho kimeisha.

"Mama asijue," Kimeli alimwambia Achola harakaharaka. "Tafadhali. Asilitaje jina la mke wangu vibaya sasa."

Alikwenda kabatini, akakitoa kibuyu alichoapa hakitafunguliwa. Akakitikisa kama alivyomwona mkewe akikitikisa. Akazibua, ukatoka mvumo mdogo wa hewa, na sebule nzima ikajaa harufu ya nyumba hii ilivyokuwa. Winrose aliinamisha uso. Kimeli akamimina, kikombe kwa kikombe, isipokuwa cha Bwana Sitati, ambaye alimwekea chai na kumpigapiga begani kwa upendo ambao meneja hakuuelewa. Kisha akasimama mbele ya mamake, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho ya mkono wa mkaza mwana wako," alisema, bila kupepesa.

Kogo akanywa. Akaizungusha mdomoni, akafumba macho, akameza. Watu wote walingoja. Akaisifu kwa Kikalenjin kirefu, na Winrose akawatafsiria wageni, na wageni wakaitikia. Kisha bibi akamvuta mwanawe kwa kola ya shati mpaka sikio likafika mdomoni pake.

"Wangui siku hizi amezidi kuwa mjuzi," alinong'ona.

Kimeli alibaki ameinama vile vile, kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Kogo hakuonekana mwenye haraka. Alimweleza mwanawe sikioni, wageni wakidhani anabarikiwa. Mwaka wa pili wa ndoa yao alikuja Nakuru bila taarifa, akamkuta Chepkirui jikoni alfajiri, Winrose mgongoni, nguo za ofisi mwilini, akilia juu ya kibuyu cha maziwa yaliyooza. Paka alikuwa amepewa akakataa. Bibi alisema moyo ulimchoma, kwa sababu maneno ya siku ya harusi yalitoka kinywani mwake mwenyewe na yule mtoto alikuwa bado anayapigania. Siku hiyo hiyo alimshika mkono wakaenda kumtafuta Wangui. Wangui alikulia Kuresoi, nyumba ya pili kutoka kwao, kabla watu hawajahamahama, na mursik alifundishwa na Kogo mwenyewe akiwa msichana mdogo, shuleni hajaenda vizuri lakini jikoni kwa watu hakosi.

"Na mbona hamkuniambia?" Kimeli alinong'ona.

"Wewe ulikuwa unaringa sana," alisema Kogo. "Nani angekuharibia?"

Jumatatu Kimeli akavitia vibuyu vyote viwili ndani ya mkoba mkubwa wa ofisi wa mkewe, akashuka mjini. Alikuwa ameamua. Vitu vya watu hurudishwa. Maziwa yalikuwa ya Wangui, ujuzi wa Kogo, na vibuyu bila shaka vilikuwa vya mmoja wao. Yeye atavikabidhi, atasema asante, na kabati atalipitishia hewa. Alitembea na mkoba wa kike begani kupita mbele ya vijana wa bodaboda. Mmoja akamwita mathe, kama anayemwita mama yake. Hakugeuka.

Wangui alikuwa mwanamke mfupi mwenye aproni ya plastiki. Aliuona mkoba kabla ya kumwona mwenyewe, akaacha kupima maziwa ya mteja. Akampa pole, akamkalisha juu ya kreti. Kimeli akatoa vibuyu, akaviweka mezani, akasema hotuba yake fupi.

Wangui alichukua kile cha katoni, kitupu, akakizibua na kuingiza pua.

"Hiki amekipaka moshi yeye," alisema. "Hiki ndicho hakuniletea."

Kimeli akasema hajui tofauti iko wapi, moshi ni moshi.

"Wacha nikuambie kitu, mzee," Wangui alisema, na akamwonyesha mtungi wa plastiki uliokuwa kwenye rafu. "Maziwa ni yangu, ni haya haya. Watu wananunua hapa kila siku, na hakuna mtu amewahi kunisifu. Hii watu walikuwa wanasifia ni moshi ya bibi yako. Mimi hata kuosha hicho kibuyu hakuniruhusu. Alikuwa anasema, wewe jaza tu, hiyo ingine ni ya kwangu."

Akamsogezea kibuyu. Kimeli naye akaingiza pua. Mle ndani, katika giza lile dogo, ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Ilikuwa leso kiunoni, kijiti cha mti wa senetwet kikifuka, na mwanamke aliyechoka wiki nzima akisugua makaa ndani ya kibuyu, taratibu, huku akimwambia mumewe aliyelala kwenye kiti asogeze miguu. Alikuwa amemwona akifanya kazi hiyo kila juma la maisha yao na hakuihesabu kuwa kazi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kimeli alilia pale juu ya kreti, mbele ya wateja wa maziwa, na hakujali.

Wangui akangoja amalize. Kisha akakijaza kibuyu kile, akakifunga vizuri kwa ngozi yake, akasema kitakuwa tayari baada ya wiki. Akachukua cha pili, kile cha kabatini, ambacho baada ya wageni kuondoka kilikuwa kimeoshwa. Akakinusa, akakunja uso.

"Nani ameosha hiki na sabuni?"

Kimeli akasema Winrose, amesoma hadi chuo kikuu.

"Basi kirudishe nyumbani. Kikiwa na moshi utaniletea."

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, majirani wa Kiamunyi waliona jambo. Kimeli Kosgei alikuwa uani, tai shingoni, leso ya mkewe kiunoni, akipigana na kibuyu. Kijiti cha kwanza kilizimika. Cha pili kiliunguza leso. Kogo, aliyekuwa ameletewa kiti mlangoni, alimwelekeza kwa fimbo na kwa matusi madogomadogo ya kizazi chake, na kila alipokosea bibi alicheka mpaka akakohoa. Mwanamume kupaka kibuyu, kwao Kuresoi, ni habari ya kusimuliwa. Yeye alisugua tu. Jua lilipoinama, mamake alikitwaa kibuyu, akakinusa, akasema Wangui anaweza kukikubali, akiwa na njaa.

Kimeli alikitundika jikoni, mahali pa siku zote, na ufunguo wa kabati akauacha mlangoni. Asubuhi yake likizo iliisha, akarudi Olkaria. Mlinzi wa langoni, aliyemfahamu miaka mingi, alimpa pole, akamshika mkono na kuutazama. Palikuwa na doa jeusi kwenye kifundo.

"Mzee, hii ni oili ama wino? Ngoja nikuletee maji uoshe."

"Wacha tu," alisema Kimeli, akiteremsha mkono wa shati polepole ili doa lisifutike. "Hii ni ya mke wangu."